Tuwafundishe Watoto Kumpenda Mungu na Watu



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, mikopo ya kikundi na afya ya akina mama. Leo tuongee juu ya watoto wetu, na jinsi ya kuwafundisha kumpenda Mungu na kuwapenda watu. Usiseme hii ni kazi ya Padre, Sista na katekista, ukafungua ukurasa mwingine. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu mjadiliane siku ya kikundi.

Tufanye hesabu kidogo. Wiki moja ina saa 168. Mtoto anayehudhuria mafundisho ya dini Jumamosi na Misa Jumapili anakaa kanisani saa tatu au nne hivi. Saa zile zingine zote yuko shuleni, njiani, shambani, na zaidi ya yote nyumbani kwetu. Katekista anaweza kumfundisha maneno ya Amri Kuu, akayashika yote na kuyasema bila kukosea. Lakini maana ya maneno hayo mtoto anaitafuta kwetu. Anatuangalia. Na akiona maneno ni mengine na matendo ni mengine, atafuata matendo.

AMRI MBILI, SOMO MOJA

Yesu alipoulizwa ni amri ipi iliyo kubwa, alijibu kwa kuunganisha mafundisho mawili ambayo Wayahudi walikuwa nayo tangu zamani. La kwanza, kumpenda Mungu kwa moyo wote, linatoka katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6. La pili, kumpenda jirani kama nafsi yako, linatoka katika Walawi sura ya 19. Mnaweza kusoma jibu lake katika Mathayo 22 na Marko 12.

Sisi wazazi mara nyingi tunazitenganisha amri hizi. Ile ya kwanza tunaifundisha kwa bidii: piga magoti, fumba macho, sali Baba Yetu, usikose Misa. Ile ya pili tunaiacha ijifundishe yenyewe. Matokeo yake tunapata mtoto anayejua rozari vizuri sana, lakini akiona mwenzake mlemavu anaanguka njiani, anacheka. Mtume Yohane katika barua yake ya kwanza, sura ya 4, hana maneno matamu kwa mtu wa namna hiyo. Anamwita mwongo, kwa sababu ndugu anayeonekana kwa macho hampendi, basi huyo Mungu asiyeonekana atampendaje?

Kwa hiyo tusiseme kwamba tunaanza na Mungu halafu baadaye tutafika kwa watu. Ni somo moja, na linafundishwa kwa wakati mmoja.

MTOTO ANASOMA KWENYE SAHANI

Tuchukue mfano ambao sisi tunaotembelea nyumba za watu tunaujua sana. Ukimwi ulichukua wazazi wengi hapa Kenya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Magonjwa mengine na ajali za barabarani bado zinachukua. Watoto wanaobaki wanalelewa na nyanya, shangazi, mjomba au jirani. Hii ni sifa kubwa kwa watu wetu, na Mungu anaiona. Sifa hiyo tusiipunguze.

Lakini ingia ndani ya nyumba jioni. Familia imesali pamoja kabla ya kula. Chakula kinapakuliwa. Mtoto wa kuzaliwa anawekewa kipande cha nyama. Mtoto wa kulelewa anawekewa mchuzi. Baada ya kula, mtoto wa kuzaliwa anaambiwa achukue kitabu akasome karibu na taa, yule mwingine anaambiwa aoshe sufuria. Mgeni akija, mtoto wa kwanza anatajwa kwa jina, na wa pili anaitwa "huyu ni wa yule marehemu."

Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetukanwa. Lakini watoto wote wawili wamepata somo la dini jioni hiyo, na somo hilo lina nguvu kuliko lile la Jumamosi.

Mtoto wa kulelewa amejifunza kwamba Mungu anayeombwa kabla ya chakula ni Mungu wa wenyewe, si wake. Mtoto wa kuzaliwa naye amejifunza kitu kibaya zaidi. Amejifunza kwamba unaweza kumwambia Mungu asante, halafu papo hapo ukambagua mtu aliyeketi karibu nawe, na Mungu asiseme kitu. Huyo mtoto akikua atakuwa mwajiri, au mweka hazina wa kikundi, au diwani. Tusishangae akigawa vitu vya watu vile alivyoona nyama ikigawanywa.

Wengine watasema, "Lakini sisi ni maskini, chakula hakitoshi." Ni kweli, na hakuna anayewalaumu kwa umaskini. Lakini ubaguzi hauletwi na uchache wa chakula. Ugali mdogo unaweza kugawanywa sawa, na ugali mkubwa unaweza kugawanywa kwa upendeleo. Nyama ikiwa ni kipande kimoja, kikate vipande vidogo, kila mtoto aonje. Mtoto hatakumbuka kwamba ilikuwa kidogo. Atakumbuka kwamba alihesabiwa.

Basi kila mzazi ajipime kwa mambo manne:

1. Chakula. Je, watoto wote wa nyumba hii wanapakuliwa kutoka sufuria moja, kwa kipimo kimoja, kulingana na umri?

2. Kazi. Je, kuna zamu ya kuteka maji, kuosha vyombo na kuchunga mbuzi, au kuna mtoto mmoja ambaye zamu yake haiishi?

3. Shule na mavazi. Karo na yunifomu zikikosekana, je, ni mtoto yule yule anayebaki nyumbani kila muhula?

4. Jina. Je, tunamwita kwa jina lake alilobatizwa nalo, au kwa msiba wake?

Sheria ya nchi nayo iko upande wa mtoto huyu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, inasema juu ya haki ya kila mtoto kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao, matibabu, na kulindwa asitendewe vibaya. Haisemi mtoto wa kuzaliwa peke yake. Inasema kila mtoto.

NYAKATI NNE ZA SIKU

Katika ile sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, Musa hakuwaambia Waisraeli wajenge darasa. Aliwaambia wafundishe watoto wao mambo ya Mungu wanapokuwa nyumbani, wanapotembea njiani, wanapokwenda kulala na wanapoamka. Nyakati hizo nne kila mzazi anazo, hata yule asiyejua kusoma. Tuziangalie moja moja, tuanze na asubuhi.

Wakati wa kuamka. Asubuhi kuna haraka, tunajua. Lakini ishara ya msalaba haichukui muda. Baada ya hapo mwulize mtoto swali moja, "Leo utamsaidia nani?" Atafikiri. Siku ya kwanza atasema hajui. Baada ya wiki atakuwa na jibu kabla hujauliza: mwenzake aliyepoteza kalamu, nyanya wa jirani anayetafuta kuku wake, mdogo wake anayeogopa mbwa njiani. Ukiuliza hivyo kila siku, mtoto anaanza kutoka nyumbani akiwa ameshafungua macho.

Wakati wa kuwa nyumbani. Hapa ndipo tunapokosana, kwa sababu ndipo tunapoishi pamoja. Watoto watapigana, watanyang'anyana vitu, watadanganya. Usiharakishe kuuliza nani ana makosa. Uliza kila mmoja, "Mwenzako anasikiaje sasa?" Mtoto mdogo hajui bado kujiweka mahali pa mwingine. Ni kitu cha kufundishwa, kama kushika jembe. Halafu waombane msamaha, na aliyeharibu atengeneze. Kama amemwaga maji ya mwenzake, aende akateke mengine.

Na sisi wazazi pia tuombe msamaha. Baba akimkaripia mtoto bure, halafu akagundua, amwite amwambie, "Nilikukosea, nisamehe." Wengine wanaogopa kwamba watapoteza heshima. Hakuna heshima inayopotea hapo. Mtoto aliyeombwa msamaha na baba yake ataelewa Kitubio haraka kuliko mtoto aliyefundishwa hatua zake zote kwenye ubao.

Wakati wa kuwa njiani. Njiani ndipo mtoto anaona jinsi tunavyowatendea watu ambao hawatatulipa. Je, tunamsalimu mlevi wa kijiji, au tunamcheka? Je, yule mgonjwa wa akili anayezunguka sokoni tunawaacha watoto wamrushie mawe, eti ni mchezo? Je, tunakatiza katika shamba la mjane kwa sababu hana mtu wa kugombana nasi? Mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake anaona yote. Ukisimama ukamsalimu mgonjwa yule kwa jina lake, umefundisha sura nzima ya Injili, na umetumia dakika moja.

Wakati wa kulala. Kabla ya sala ya jioni, keti na watoto mkaulizane mambo matatu. Leo tumshukuru Mungu kwa nini? Leo nani ametutendea vema? Leo nani tumemkosea, na kesho tutafanya nini? Mzazi naye ajibu, si watoto tu. Halafu mwombeeni mtu mmoja kwa jina, na mara moja moja awe ni mtu ambaye mmekosana naye. Ni vigumu mtoto kumchukia jirani ambaye amesikia mama yake akimwombea.

JIRANI NI NANI?

Mwalimu wa sheria alimwuliza Yesu swali hili, na Yesu akajibu kwa hadithi ya Msamaria mwema. Iko katika Luka sura ya 10. Watoto wetu wanaijua sana, na pengine ndiyo sababu haiwashtui tena. Wanafikiri Msamaria ni jina la mtu mzuri.

Waelezeni ilivyokuwa. Wayahudi na Wasamaria walikuwa majirani waliochukiana. Wayahudi waliabudu Yerusalemu. Wasamaria walisema mahali pa kuabudu ni mlima Gerizimu. Katika Luka sura ya 9, sura moja tu kabla ya hadithi hii, kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu, na wanafunzi Yakobo na Yohane wanataka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze watu hao. Yesu anawakemea. Halafu katika sura ya 10 anasimulia hadithi, na ndani yake kuhani na Mlawi wanapita kando, na mtu wa lile kabila linalochukiwa ndiye anayesimama.

Waelezeni pia gharama yake. Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua wa shambani kwa siku moja, kama tunavyoona katika Mathayo 20. Kwa hiyo alitoa malipo ya kibarua ya siku mbili kwa mtu asiyemjua, na akaahidi kulipa zaidi akirudi. Mwulizeni mtoto, "Baba yako akifanya kibarua siku mbili anapata pesa ngapi? Angetoa zote?" Hapo hadithi inaingia ndani ya nyumba yenu.

Halafu mwulizeni swali gumu zaidi, "Kama Yesu angesimulia hadithi hii hapa kijijini kwetu, Msamaria angekuwa mtu wa kabila gani?" Acheni watoto wajibu wenyewe, na msiwakemee. Majibu yao yatawaonyesha ni maneno gani wanayoyasikia nyumbani.

Jambo hili si mchezo. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifuatwa na vita kati ya majirani. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa moja huko Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Nchi yetu ilikuwa imejaa makanisa wakati huo. Amri Kuu ilikuwa inafundishwa kila Jumapili. Lakini mahali pengi amri ile ilikuwa imebaki kanisani, na kule nyumbani watoto walikuwa wamekua wakisikia kwamba watu wa kabila fulani ni wezi, wa kabila fulani ni wajinga, na wa kabila fulani walikuja tu na siku moja watarudi kwao.

Chuki ya aina hiyo mtoto hazaliwi nayo. Anaisikia mezani, anaisikia kwenye matatu, anaisikia kwenye redio na siku hizi kwenye simu. Basi tukubaliane katika vikundi vyetu: mbele ya watoto, na hata wasipokuwepo, hatutawaita watu wa kabila lingine kwa majina ya dharau. Mgeni akisema maneno hayo nyumbani kwako, mjibu kwa upole watoto wakisikia, "Hapa kwetu hatusemi hivyo."

KILA UMRI NA SOMO LAKE

Mtoto hafundishwi kila kitu siku moja. Samaki mkunje angali mbichi, lakini umkunje polepole asivunjike.

Chini ya miaka 5, mtoto anajifunza kwa kuiga na kwa kushikwa. Hawezi kuelewa maelezo marefu juu ya Mungu. Anaelewa kubebwa, kuimbiwa, kulishwa kwa wakati na kuitikiwa akilia. Mtoto ambaye hajaonja upendo wa watu hana kitu cha kuufananisha na upendo wa Mungu. Kwa hiyo kumbeba mtoto na kumtuliza ni mafundisho ya dini ya umri huo. Mfundishe pia kugawa: mpe ndizi mbili, mwambie moja ampelekee mwenzake.

Kati ya miaka 6 na 9, mtoto anapenda haki. Kila saa utasikia, "Mbona yeye amepata kikubwa?" Usikasirike. Hapo ndipo pa kumwonyesha kwamba haki anayojidai yeye, na mwenzake pia anaihitaji. Ni umri mzuri wa kusimuliwa maisha ya Yesu, na wa kupewa kazi ndogo ya huruma ambayo ni yake.

Kati ya miaka 10 na 13, marafiki wanakuwa na nguvu, na mtoto anaanza kuuliza kwa nini. Kwa nini Mungu aliacha mama yangu afe? Kwa nini fulani anasali sana na ni mchawi wa maneno? Usimwambie anyamaze. Kama hujui jibu, sema hujui, mkamuulize katekista au Padre pamoja. Mtoto aliyenyamazishwa haachi kuuliza, anaenda kuuliza kwingine. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

MTOTO NAYE ATOE

Kuna makosa tunayofanya katika miradi ya kanisa. Tunawaona watoto kama watu wa kupokea tu: wapokee yunifomu, wapokee maziwa, wapokee pipi Krismasi. Lakini upendo haujifunzwi kwa kupokea peke yake.

Mwaka 1843, Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha shirika ambalo sasa linaitwa Utoto Mtakatifu. Aliwaomba watoto wa kwao mambo mawili tu: kusali Salamu Maria moja kila siku, na kutoa senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Shirika hilo bado lipo, na hapa Kenya parokia nyingi zina watoto wa PMC. Aliyoomba yalikuwa madogo sana, kiasi kwamba hata mtoto wa maskini aliweza kuyatimiza. Ndiyo maana yamedumu.

Kikundi chenu kinaweza kufanya vivyo hivyo bila kungoja mfadhili. Huu hapa mpango wa mwezi mmoja. Kila siku ya kikundi, watoto waketi kando na mama mmoja au mzee mmoja mwenye subira, kwa nusu saa.

Wiki ya kwanza: Wasimulieni hadithi ya Msamaria kama tulivyoeleza hapo juu, kisha waigize. Kila mtoto apate nafasi ya kuwa yule aliyepigwa. Mkimaliza, mwulizeni, "Ulisikiaje walipokupita?"

Wiki ya pili: Watoto wazunguke kijijini na mtu mzima, waangalie nani anahitaji msaada. Warudi na majina mawili au matatu. Wachague wenyewe nani wa kusaidiwa. Msiwachagulie.

Wiki ya tatu: Wafanye kazi hiyo. Kumtekea maji nyanya asiyejiweza, kumwokotea kuni, kufagia ua wake, kupalilia bustani ya sukuma wiki, kumsomea barua. Muwe waangalifu na nguvu za mtoto. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20 na zaidi, na haumfai mtoto mdogo. Mpeni mtungi wa lita tano aende mara nyingi. Na watoto waende wakiwa wengi, pamoja na mtu mzima, wasitumwe mmoja mmoja katika nyumba za watu.

Wiki ya nne: Waketi waongee. Ni nini kilikuwa kigumu? Yule nyanya alisema nini? Yeye naye ametufundisha nini? Swali la mwisho ni la maana sana, kwa sababu mtoto asije akafikiri kwamba maskini ni mtu wa kuhurumiwa tu. Pengine nyanya huyo anajua hadithi za zamani, au dawa za miti, au sala ambazo sisi tumezisahau. Mwisho wasali pamoja na kupanga mwezi unaofuata.

Kama kikundi kina mradi wa kuku, watoto wapewe kuku mmoja wa kwao. Wamtunze wao, na mayai yake wapange wenyewe yataenda kwa nani. Yai ambalo mtoto amelitafuta mwenyewe kwenye kiota, akampelekea mgonjwa kwa mikono yake, ni sadaka yake kweli. Shilingi kumi aliyopewa na mama dakika moja kabla ya kapu kupita kanisani ni sadaka ya mama.

FIMBO, VITISHO NA UKIMYA

Wazazi wengine wanafundisha habari za Mungu kwa kutisha. "Mungu atakuchoma." "Mungu anakuona, ngoja." Mtoto anayeogopa anaweza kutii wakati mnamwona, lakini hampendi huyo anayetishwa naye. Tukimtumia Mungu kama fimbo yetu, mtoto akipata nguvu za kukimbia atatukimbia sisi na Mungu pamoja.

Adabu ni lazima, na mtoto asiyekatazwa kitu anaharibika. Lakini kuadibisha si kuumiza. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Katiba ya 2010 inakataza mtu yeyote kutendewa ukatili. Mtoto aliyekosea apewe kazi ya kutengeneza alichoharibu, anyimwe mchezo siku hiyo, aelezwe kwa nini. Halafu yaishe, asikumbushwe kosa lile mwezi mzima.

Kuna jambo moja la mwisho, na tunaomba mlisome pole pole. Tunapowafundisha watoto kupenda, kusamehe na kuheshimu wakubwa, lazima tuwafundishe pia kwamba upendo si kunyamazia ubaya. Mtu mzima yeyote akimgusa mtoto vibaya, akimwumiza, au akimwambia aweke siri ambayo inamtia hofu, mtoto ana haki ya kukataa, kukimbia na kusema. Hata kama mtu huyo ni ndugu, ni mwalimu, au ni mtumishi wa kanisa. Kusema si kukosa heshima, na si kukosa kusamehe. Na sisi wazazi, mtoto akituambia, tusimwambie anyamaze ili jina la familia au la parokia lisiharibike. Tumsikilize, tumpeleke hospitali, tupige ripoti polisi, kwa afisa wa watoto au kwa chifu. Kuna pia nambari ya simu ya kusaidia watoto, 116, ambayo haina malipo. Iandikeni mahali ambapo watoto wanaiona.

Jirani aliyepigwa barabarani wakati mwingine ni mtoto aliye ndani ya nyumba yetu. Tusipite kando.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni mtoto gani ambaye zamu yake ya kazi haiishi? Bila kumwaibisha mtu, kikundi kifanye nini?

2. Ni maneno gani juu ya watu wa makabila mengine ambayo watoto wetu wameyasikia kutoka kwetu? Tutayaachaje?

3. Kati ya zile nyakati nne za siku, ni upi ambao nyumba yangu inaweza kuanza nao wiki hii?

4. Ni nani kati yetu mwenye subira ya kukaa na watoto nusu saa kila siku ya kikundi? Tumchague leo, na mwandishi aandike jina lake katika kitabu cha kikundi.

Mkishajaribu mpango wa mwezi mmoja, tuandikieni kupitia ofisi ya parokia mtueleze yaliyofaulu na yaliyoshindikana, ili vikundi vingine vijifunze. Mungu awabariki ninyi na watoto wote walio chini ya paa zenu, wa kuzaliwa na wa kulelewa.